Goti la Mkamwana

Kabla hujanihukumu, shika kifundo chako cha mguu upande wa nje. Pitisha kidole nyuma ya ule mfupa uliochomoza, halafu chezesha unyayo. Unasikia kitu kama kamba kinateleza chini ya ngozi? Hiyo ni kano. Ziko mbili, zinapita kwenye kijifereji nyuma ya mfupa, na juu yake kuna mkanda wa nyama ngumu unaozizuia zisitoke. Zako zimetulia mahali pake, mshukuru Mungu. Yangu moja ilikuwa inatoka mferejini, inaparamia mfupa, inalia paa, kisha inarudi kimya kimya kama mwizi aliyeona taa. Na kila ilipotoka, mguu uliniacha, nikaenda chini pamoja na nilichobeba.

Ilianzia Lyulilo, kwetu, siku tunashusha udongo wa vyungu kutoka kwenye mtumbwi. Nilikanyaga jiwe lenye utelezi, kapu likiwa kichwani, unyayo ukakunjika kuelekea juu na mguu wote ukakaza kunizuia nisianguke. Sikuanguka, na kapu halikuanguka. Kilichokatika kilikuwa ndani, na cha ndani hakionekani.

"Umeteguka," akasema mama. "Umeteguka," wakasema majirani. Nikapigwa picha, picha ikaonyesha mifupa mizima, nikaambiwa nipumzike. Nikapelekwa kwa Mzee Anyosisye, mkandaji maarufu, akanipaka mawese ya moto na kuuvuta ule mguu kana kwamba anang'oa kisiki. Nilirudi kwake zaidi ya mara moja, maana mfa maji haachi kutapatapa. Kila aliponivuta mguu ulizidi kulegea, naye akasema mshipa umeingiwa na upepo. Wengine wakasema si upepo, ni mkono wa mtu. Nikawaambia kama ni mkono wa mtu, basi mwenye mkono ajitokeze anisaidie kubeba udongo.

Ningekuwa nauza vitenge ningeuacha huo mguu ujifie. Lakini mimi ni Mkisi, na sisi wa kando ya ziwa tunaishi kwa samaki na vyungu. Wanawake wengi wa kwetu huzungusha chungu kwa mkono: chungu kinakaa kwenye kigae, kigae kinakaa juu ya kingine kilicholowa maji, mkono mmoja unasukuma na mwingine unafinyanga. Ukoo wa mama yangu huzungusha kwa mguu. Unakaa chini, mguu wa kulia umeunyoosha, na ukingo wa nje wa unyayo unakipiga kigae teke dogo kwenda nje, teke, teke, huku mikono yote miwili iko huru kwenye udongo. Ndiyo maana vyungu vyetu vina shingo nyembamba kuliko vya wenzetu. Na teke hilo la kwenda nje ndilo hasa lililokuwa linaitoa ile kano. Chungu kikifika shingoni, paa, kigae kinasimama, shingo inapinda. Nilivikanda upya vyungu vibichi mpaka nikaanza kuvichukia, na mimi sikuwahi kuchukia kitu kilichotoka mikononi mwangu.

Wakati huo nilikuwa nimeshaolewa Ndandalo, kwa Ambwene, mtu mpole wa kakao na mpunga. Baba yake, Mzee Ambilikile, ni mzee wa kanisa na ndiye mkubwa wa ukoo. Nyumba yake na yetu zimetenganishwa na migomba tu. Zamani, kwa Wanyakyusa, mkamwana hakuruhusiwa hata kuonana na baba mkwe wake. Akisikia kikohozi chake anajitupa migombani mpaka apite. Kanisa likayapunguza hayo, likabaki goti. Asubuhi mkamwana anakwenda, anashuka magoti yote mawili, vidole vya miguu vimekunjwa chini, anakalia visigino vyake, anasema "Mwaghonile, tata," na anasubiri. Mzee akiitika, anainuka. Asipoitika, siku imeharibika, na kijiji kizima kitajua kabla ya chai.

Sina ugomvi na goti. Hata Lyulilo tunapiga goti, tena la kushuka hasa. Ugomvi wangu ni na mtu anayetaka goti hata kama mguu utabaki hapo hapo.

Ambwene ndiye aliyenipeleka Mbeya kwa daktari wa mifupa, Daktari Jubilate, mtu wa Moshi, mfupi, mwenye haraka. Ile picha aliitupia jicho mara moja akaiweka pembeni. Akanishika mguu, akaweka kiganja chake upande wa nje wa unyayo.

"Mama, nisukume. Kwa nje. Kwa nguvu zako zote."

Nikasukuma. Paa. Kano ikasimama juu ya mfupa, imetuna chini ya ngozi, mbele ya macho yetu wote watatu. Ambwene akarudi nyuma na kiti chake. Daktari akatabasamu kama mtu aliyekutana na jamaa yake stendi.

"Hujateguka," akasema. "Kano yako imehama. Mkanda wa kuizuia umechanika, na kukanda hakuushoni. Kukanda kunauchana zaidi. Hapa ni kisu na uzi."

Nililia pale pale, na sikuona haya. Muda wote ule watu walinitazama kama mvivu aliyetafuta kisingizio, leo mtu ameutia kidole ugonjwa wangu na kuuita kwa jina.

Akanipasua. Nilichomwa sindano ya mgongo, nusu yangu ya chini ikaondoka, na nilisikia vyuma vikigongana kwenye sinia kama vikombe vya msibani. Akaushona mkanda. Nikafungwa hogo jeupe la plasta mpaka karibu na goti, nikapewa magongo. Hogo lilipotolewa akanikalia mbele kwenye kiti chake, akaninyooshea kidole kama mwalimu wa shule ya Jumapili.

"Usichuchumae. Usipige magoti. Mpaka mimi nitakapokuambia. Ukiukunja unyayo huo kabla ya wakati, umeninyofolea nyuzi zangu."

Nikamwambia nimesikia. Na nilikuwa nimesikia kweli.

Nilirudi Ndandalo siku ambayo Mzee Ambilikile naye amerudi kutoka Kasumulu, ameleta wageni, ndugu zake wa ng'ambo ya mto Songwe. Boma zima lilikuwa limekaa uani. Kutokwenda kusalimia ilikuwa haiwezekani. Nikaenda na magongo yangu, nikasimama mbele ya kiti chake, nikainamisha kichwa.

"Mwaghonile, tata. Naomba radhi, daktari amenikataza goti."

Mzee akatazama migomba. Wageni wakatazama miguu yao. Nyuma yangu alikuwa wifi yangu Atupele, dada yake Ambwene, mwanamke mwenye sauti ya kwaya na mikono ya jembe. Sijui alifikiri anamwokoa baba yake au ananiokoa mimi. "Shuka, wifi, usituaibishe mbele ya watu," akaninong'oneza, na kiganja chake kikanitua begani, kizito. Gongo likateleza. Nikashuka. Vidole vikakunjika, uzito wangu na wa mkono wake ukaukalia ule unyayo, na nilipojivuta kuinuka, paa.

"Ena, mwaghonile, mwanangu," akaitika mzee. Kwa sauti nzuri kabisa, ya baba.

Machozi yalinitoka. Mgeni mmoja akasema huyu mkamwana ana adabu, tazameni anavyoguswa.

Daktari Jubilate hakunigombeza, na hilo liliniuma kuliko kugombezwa. Alibonyeza, akanisukumisha, kano ikapanda juu ya mfupa kama zamani. Halafu akachora kwenye kipande cha karatasi: mfereji wangu ulikuwa na kina kifupi tangu kuzaliwa, akasema, umekaa kama sahani wakati ungetakiwa kuwa kama bakuli. Mara hii angeuchimba mfupa wenyewe upate kina, kisha aushone mkanda upya, auzamishe kwenye mfupa.

"Lakini nikwambie ukweli, mama. Nyama ya kushikilia uzi imebaki kidogo. Hii ikichanika, sijui nitashika nini tena. Fikiria vizuri. Watu wengi wanaishi na mguu huu. Wanabadilisha kazi tu."

"Wewe ukibadilishiwa mikono utaendelea kuitwa daktari?" nikamuuliza.

Akacheka. Akaandika tarehe.

Kikao cha ukoo kilikaa kwa Mzee Ambilikile. Mimi sikualikwa kuzungumza, nilialikwa kusikiliza, nikapewa kigoda mlangoni. Maneno yalizunguka. Mungu ameonyesha kwamba mguu huu hautaki kisu. Ziko kazi za kukaa, kukausha kakao, kupepeta mpunga. Huyo wa Mbeya anajifunzia kwenye miguu ya watu. Mwishowe mzee mwenyewe akakohoa.

"Mkamwana wangu hatachanjwa mara mbili kama samaki kwa ajili ya vyungu. Sufuria ziko tele sokoni Ipinda."

Nikamtazama Ambwene. Ambwene akatazama mikono yake. Nampenda mume wangu, lakini siku ile nilitamani nimpige na gongo.

"Tata," nikasema kutoka pale mlangoni, na wanawake wote wakashtuka, "chungu ni changu na mguu ni wangu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mara ya kwanza kisu kilishika. Aliyeuchana mguu wangu si daktari. Ni goti, na mkono ulionikalia begani."

Mzee akainuka akaingia ndani. Ndivyo kikao kilivyokwisha, na tangu siku hiyo salamu yangu ikakosa mwenyewe.

Nilikwenda Mbeya. Tulipofika mlangoni mwa chumba cha upasuaji Ambwene akanishika mkono. "Ningesema siku ile," akaanza. Nikamwambia atanisemea siku nyingine, leo aniombee tu. Mfupa ukichimbwa, hata kama huumii, unasikia mwili mzima ukitikisika. Nilihesabu vyungu kichwani, shingo baada ya shingo, mpaka wakamaliza.

Sasa ndipo vita vilipoanza. Mguu ulikuwa kwenye hogo, kisha kwenye kiatu kigumu cha mikanda, nami kila asubuhi nilivuka migomba kwa magongo. Mzee hukaa barazani akimenya ndizi za kuchoma. Nilisimama pale pale, mbele ya kiti chake.

"Mwaghonile, tata!"

Kimya. Anaimenya ndizi taratibu, kana kwamba umepita upepo.

Kesho yake tena. "Mwaghonile, tata!" Kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, maana nilitaka kila anayekwenda shambani awe shahidi kwamba salamu nimetoa. Kuna waliosema nimerogwa kiburi huko Mbeya. Kuna waliopitisha njia yao pale makusudi ili waone kama leo ataitika. Mama mmoja wa jumuiya akaja kunishauri nikae nyumbani tu, niache kumsumbua mzee, mguu ukipona nitakwenda kutubu. Nikamuuliza nitubu nini, kutii daktari? Akasema, wewe mwanangu una mdomo. Nikamwambia mdomo haujapasuliwa.

Usidhani ilikuwa rahisi. Salamu isiyoitikiwa ni jiwe, unalibeba siku nzima. Usiku nilijikuta nikimwambia Ambwene kwamba labda nishuke mara moja tu, taratibu, nishikilie mlango. Na mara hiyo Ambwene ndiye aliyekataa. "Ukishuka," akasema, "nitakuwa nimekupeleka Mbeya bure, na sitakupeleka tena." Ni maneno makali kuliko yote niliyowahi kumsikia, na nilimpenda upya.

Kisha akafariki mdogo wake Mzee Ambilikile. Msiba wa Kyela haukosi mtu. Usipokwenda, siku yako watakuja kunguru. Nikaenda, nikapita katikati ya wanawake waliokaa chini kwenye majani ya migomba, kila mmoja akiinua macho kwenye kile kiatu changu. Mzee alikuwa ameketi na wazee wenzake. Nikasimama mbele yao, nikatoa pole kwa Kinyakyusa chao, vizuri, bila kukosea. Nikasikia pumzi nyuma yangu. Halafu mkono, begani, pale pale.

Nikaukamata kifundoni.

"Wifi," nikasema, si kwa kunong'ona, "ukinisukuma leo tutaanguka wawili, na mimi nitahakikisha wewe ndiye wa chini."

Kilio kilikatika. Hata waliokuwa wanapika wakageuka. Atupele akavuta mkono wake, nikamwachia. Mzee mmoja pale akasikitika kwa sauti: "Aliyezaliwa kwenye mawe ya Lyulilo, kuinama atajulia wapi?"

"Kwenye mawe hayo hayo ndiko kilikotoka chungu mnachopikia maharage ya msiba huu," nikamjibu. "Poleni sana, wazee wangu."

Nikaenda nikakaa na wanawake wenzangu, mguu nimeunyoosha mbele yangu. Hakuna aliyenisogelea kwanza. Baadaye bibi mmoja nisiyemjua akanivutia mgongoni gunia la maganda ya mpunga nijiegemeze. Nililia hapo, kwa ajili ya marehemu na kwa ajili ya gunia.

Siku ya mwisho Mbeya, Daktari Jubilate aliweka kiganja chake upande wa nje wa unyayo wangu.

"Nisukume."

Nikasukuma. Nikasukuma mpaka jasho likanitoka. Hakuna kilicholia. Akanigeuza, akaniambia nichuchumae, nikachuchumaa. Piga goti, kalia visigino, inuka. Nikainuka. Kano iko ndani ya mfereji wake, imetulia kama ya kwako.

"Mimi nimemaliza," akasema. "Nenda kacheze ngoma."

Sikwenda Ndandalo moja kwa moja. Nilimwambia Ambwene atangulie, mimi nikashukia Lyulilo. Mama alikuwa anapanga vyungu vya kuchoma. Nikaenda mbele yake, nikashuka, magoti yote mawili, nikakalia visigino vyangu na kumsalimia kwa Kikisi. Akaangusha nyasi alizobeba. Akanishika kichwa, akanishikilia hapo chini kama anayeogopa nitaondoka, analia na kunicheka kwa pamoja. Jioni aliniwekea kigae. Teke, teke, teke. Udongo ukapanda, ukafika shingoni, shingo ikasimama wima. Mama akasema ni nyembamba mno itavunjika motoni. Nikamwambia aiache.

Asubuhi iliyofuata nilirudi Ndandalo, nikavuka migomba bila magongo. Habari zilikuwa zimenitangulia, maana Ambwene hana siri. Mzee Ambilikile alikuwa barazani. Ambwene amesimama kando. Atupele alikuwa ametandika mkeka, mkeka mpya, mbele ya kiti cha baba yake, ili nisichafue magoti. Sijui kama alikuwa ananiheshimu au ananikamilishia adhabu. Labda hata yeye hakujua.

Nikafika ukingoni mwa mkeka. Nikasimama.

"Mwaghonile, tata."

Kimya.

"Si umepona?" akauliza Atupele.

"Nimepona."

"Si ulimpigia mama yako goti jana? Dereva wa bodaboda kakuona."

"Nilimpigia."

"Na hapa je?"

"Mama hakunidai goti wakati sina mguu," nikasema. "Akaja akapewa bila kuomba."

Atupele akavuta pumzi ya kunijibu. Mzee akainua kiganja, akamnyamazisha. Alikuwa hatazami migomba tena. Alikuwa anatazama kifundo changu, ule mstari mrefu wa kovu uliopinda nyuma ya mfupa, na nadhani ndiyo mara yake ya kwanza kuutazama.

"Siku ile ya wageni," akasema polepole, "nilisikia kitu kinalia. Nikadhani ni kiti changu."

"Ulikuwa mguu wangu, tata. Na wewe ukaniitikia vizuri sana."

Mkono wake ukashika ukingo wa kiti, ukaachia. Sikumsaidia. Nilimwacha auone ule mguu mpaka aumalize.

"Basi," akasema mwishowe, "simama."

"Nimeshasimama, tata," nikamwambia. "Nasubiri salamu yangu."